Je, Mbwa Humpenda Bwana Wake, au Mfupa?

Muhula huu palizuka ubishi mkubwa bwenini mwetu usiku mmoja baada ya masomo ya jioni. Mwenzetu mmoja alisema ati mbwa hampendi mtu hata chembe; apendacho ni mfupa ulio mkononi mwa mtu, na mfupa ukihamia mkono mwingine, mapenzi nayo yatahama. Wengi walicheka wakamwunga mkono. Mimi sikucheka, wala usiku ule sikuweza kumjibu. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu sasa.

Kwanza nimpe mwenzangu haki yake. Ni kweli kwamba mnyama aweza kumtumikia mtu vizuri sana kwa ajili ya chakula. Ushahidi tunao hapa hapa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika liitwalo APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya akifanya sawasawa husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na silaha nyingine zisizolipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Uingereza cha kutibu wanyama. Ni watu wangapi walio na miguu yao leo kwa ajili yake! Hata hivyo sijasikia mtu akisema kwamba Magawa aliwapenda watu wa Kambodia. Alifanya kazi, akalipwa ndizi.

Basi tusiseme, kama wasemavyo wengi, kwamba mbwa anatupenda kwa kuwa analinda nyumba au anafukuza ngedere shambani. Utumishi peke yake si ushahidi wa mapenzi. Yatupasa kutazama afanyavyo mbwa pale ambapo hapana mfupa.

Mjini Tokyo, katika nchi ya Japani, alikuwako mbwa jina lake Hachiko. Bwana wake, Profesa Ueno, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mbwa alizoea kumlaki jioni katika stesheni ya treni ya Shibuya. Mwezi wa Mei 1925 profesa alifariki ghafula. Hachiko aliendelea kwenda stesheni kumngojea mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwezi wa Machi 1935, karibu miaka kumi. Wapo wasemao kwamba alifuata vipande vya nyama alivyopewa na watu wa pale. Lakini watu walianza kumhurumia hasa baada ya gazeti kuandika habari zake mwaka 1932. Kabla ya hapo alifukuzwa mara nyingi, hata kupigwa. Ni mbwa gani atakayeifuata fimbo miaka saba kwa tamaa ya mfupa?

Wataalamu nao wamepima. Huko Marekani, Profesa Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzake waliwazoeza mbwa kulala kimya, bila kufungwa, ndani ya mashine ipigayo picha za ubongo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, mbwa 15 walionyeshwa alama moja yenye maana kwamba chakula kinakuja, na nyingine yenye maana kwamba bwana wao atatokea na kuwasifu. Sehemu ya ubongo ihusikayo na furaha ilisisimka kwa kiasi kimoja katika mbwa 9. Katika mbwa 4, sifa ya bwana ilishinda chakula. Ni 2 tu ambao chakula kilishinda. Kwa hiyo mwenzangu amesema kweli, lakini juu ya mbwa 2 kati ya 15.

Tena mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wanapotazamana machoni kwa muda, huongezeka katika miili yao wote wawili homoni iitwayo oksitosini, ile ile ifanyayo kazi kati ya mama na mtoto anyonyaye. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha jambo hilo. Na mtu akisema kwamba mbwa alianza kutupenda kwa sababu ya chakula, nitamwuliza: je, mtoto mchanga alianzia wapi kumpenda mama yake, kama si kwenye ziwa?

Wazee wetu hawakuwa na mashine, lakini walikwisha kusema: mchezea mbwa humfuata msikitini. Methali hii ni ya kutuonya, na ndugu zetu Waislamu wana masharti yao ya tohara ambayo yatupasa kuyaheshimu. Lakini itazameni tena, wasomaji wapenzi. Msikitini hapana mfupa. Waliotunga methali hii walijua kwamba mbwa humfuata mtu, wala si sahani.

Sasa nieleze kwa nini sikucheka. Mjomba wangu hulima migomba na mahindi katika milima ya Uluguru, upande wa Kinole. Alikuwa na mbwa jina lake Askari. Mwaka mmoja mjomba aliugua, akateremshwa mjini kwa matibabu, akakaa majuma matatu. Shangazi, mkewe, alimwekea Askari ugali kila siku kama kawaida. Mbwa aliula kidogo tu, kisha akarudi kulala njiani pale gari lilipompakia bwana wake. Mjomba aliporudi, yule mbwa alilia kama mtoto.

Baadaye mbwa mgeni mwenye kichaa aliingia kitongojini usiku. Askari alipigana naye mlangoni pa mjomba, akaumwa. Alikuwa hajachanjwa. Siku ya chanjo ilitangazwa, lakini mjomba aliona njia ni ndefu, na mbwa ni mbwa tu. Basi ikaamuliwa kwamba Askari auawe kabla ugonjwa haujatokea. Vijana walijaribu kumkamata wakashindwa, maana alikimbilia migombani. Ndipo mjomba akatoka nje akamwita kwa jina mara moja. Askari akaja akitikisa mkia, akalala miguuni pake.

Mjomba hajafuga mbwa mwingine tangu siku ile. Nami nilikuwapo. Ndiyo maana nikisikia watu wakiuliza kama mbwa ana mapenzi, najua kwamba Askari alitimiza upande wake wote. Ni upande wetu uliopungua, na ulipungua kwa mwendo wa asubuhi moja.

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi mtakaosoma gazeti hili nyumbani, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakiponi, kwa mbwa wala kwa mtu. Lakini chanjo huzuia, na wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje. Na tarehe ya chanjo ikitangazwa kwenu, mteremshe mbwa wako hata kama njia ni ndefu. Yeye angekufuata mbali zaidi, bila kuuliza mnakwenda wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu