Wati Zitajwe

Wengi huamini kwamba kompyuta mpakato yenye chipu ya michoro ya peke yake lazima iishinde ile ambayo michoro yake hushughulikiwa ndani ya prosesa. Sisi hatukubali, hasa kompyuta ikiwa nyembamba, kwani nguvu ya chipu hutegemea umeme inaopewa na joto linaloweza kuondolewa.

Chipu ya Nvidia MX150, iliyotolewa mwaka 2017, ilipewa wati 10 tu badala ya 25 katika baadhi ya kompyuta nyembamba, kwa jina lile lile. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, isiyo na feni wala chipu ya pili, iliipita.

Hivyo, wauzaji hawana budi kutaja wati. Mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia.