Mikono yenye embe huidanganya mashine ya sukari

Mzazi mwenye mtoto wa kisukari anayechoma insulini anaijua hofu hii. Mtoto ametoka kula embe, anatobolewa kidole, mashine inasoma 19. Jana saa kama hizi ilisoma 8. Mkono unakimbilia sindano. Tafadhali subiri kwanza.

Kile kijikaratasi unachochomeka kwenye mashine kina protini iliyokaushwa, kimeng'enya. Kazi yake ni kuikamata glukosi na kuinyang'anya elektroni mbili. Tatizo ni kwamba protini hiyo imejikunja, na mahali inapohifadhi elektroni ni ndani kabisa, mbali na njia ya umeme. Kwa hiyo watengenezaji huweka na kemikali ya kubeba, ambayo mimi huiita bodaboda: inapakia elektroni kwenye protini, inazishusha kwenye njia ya umeme, kisha inarudi tupu kupakia tena. Mashine inapima umeme huo. Sukari ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi.

Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani ndio walioleta wazo la kutumia kimeng'enya, mwaka 1962. Bodaboda ya kemikali iitwayo ferosini ilielezwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1984, na mwaka 1987 mashine yenye umbo la kalamu ikawa sokoni.

Sasa, protini haiulizi glukosi imetoka wapi. Ya damuni na ya embe kwake ni moja. Tone linalohitajika kwa mashine nyingi za sasa ni dogo mno, hivyo utomvu kidogo tu wa tunda kwenye ngozi unatosha kuipandisha namba. Ukimchoma mtoto insulini ya 19 wakati damu yake ina 8, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Muoshe kwa maji na sabuni, mkaushe kabisa (maji yakibaki, namba hushuka), kisha upime upya. Pamba yenye spiriti haitoshi kuondoa utamu wa tunda. Kufuta tone la kwanza na kutumia la pili ni afadhali kuliko kutofanya lolote, lakini kwa mtoto aliyeshika tunda usilitegemee. Na kama anatetemeka, anatoka jasho au anaongea ovyo, huku maji hayapo karibu, mhesabu kuwa sukari imeshuka na umpe kitu kitamu, hata kama mashine inasema vingine.

Kichupa nacho kifunikwe mara tu ukitoa kimoja. Unyevu unaviharibu vile vijikaratasi, kwa hiyo kuvihamishia kwenye mfuko wa nailoni ili vibebeke ni kutupa pesa, na bei yake tunaijua.

Vitamini C ya dozi kubwa pia huchezea baadhi ya mashine, kwa sababu inampakia bodaboda elektroni zake yenyewe, bila kupitia kwenye protini. Mtoto akiandikiwa, mwambie daktari mnapima kwa mashine gani.