Mafao ni Haki: Je, na Binti wa Jikoni Kwetu?

Huku kwetu Malindi, Lushoto, baridi imetubana hata karoti tunazivuna tukiwa tumejifunga khanga mbili juu ya sweta.

Jumapili moja baada ya ibada tulikaa juani nje ya kanisa, akina mama kama kumi hivi. Mwenzetu mmoja akatoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufanya kazi mjini miaka 9. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa mchango wa NSSF. Lakini taarifa ya michango aliyopewa ofisini ilionyesha miaka 4 tu. Fedha ya miaka 5 ilikatwa kwake, wala haikufika kwenye Mfuko.

Tulisikitika naye, na maneno makali yakatutoka juu ya mwajiri yule. Ndipo bibi mmoja akauliza taratibu, "Wanangu, na yule binti mliyemrudisha kwao mwaka jana alipopata mimba, mlimpa nini mkononi?" Hakuna aliyejibu. Binti yule alitumika miaka 3 nyumbani kwa mmoja wetu. Alipewa nauli ya basi na kitenge, basi. Sisi wengine tulijua na tukanyamaza.

Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumzie mafao ya kazi, tukianza na yetu na kumalizia na ya huyo binti.

Mafao ni kile mfanyakazi anachostahili zaidi ya mshahara: likizo, matibabu, fidia, pensheni. Yako ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yaliyowekwa na sheria, ambayo mwajiri hana hiari nayo. Ya pili ni yale mwajiri anayoyatoa mwenyewe, au yanayopatikana kwa mapatano ya chama cha wafanyakazi.

Historia ya jambo hili imepita hapa milimani kwetu. Nchi iliyotangulia kuweka bima za wafanyakazi kwa sheria ya taifa zima ni Ujerumani. Mwaka 1883 iliweka bima ya ugonjwa, 1884 bima ya ajali kazini, na 1889 pensheni ya uzee na ulemavu. Leo mama mfanyakazi huko hupumzika wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baadaye, na kipato chake hakikatiki.

Lakini Wajerumani hao hao walipotawala hapa, na mji wa Lushoto ukiitwa Wilhelmstal, babu zetu hawakuonja mafao hayo. Kuanzia mwaka 1907 wanaume wa Usambara walipewa kadi iliyowalazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Sheria njema ilikuwapo, ila ilimhesabu mfanyakazi wa kule, haikumhesabu wa huku. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwetu Tanzania Bara. Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliomlipa mtu fedha yake kwa mkupuo mmoja. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza kuwa NSSF, unaolipa pensheni. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma wana mfuko wao wa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 100,000, mchango ni shilingi 20,000, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, yaani 10,000. Nusu ya pili ni yake mwenyewe. Michango hiyo huzaa pensheni ya uzee, ya ulemavu na ya warithi, fao la uzazi na msaada wa mazishi. Kupata pensheni ya uzee kunahitaji michango ya miezi 180. Mnaona basi mwenzetu alivyoumizwa: alidhani ana miezi 108, kumbe ana 48.

Likizo nazo zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwenye kazi ya kudumu anapata siku 28 za likizo ya mwaka zenye malipo. Akiugua, ana siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu. Mama anayejifungua ana siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Akirudi kazini, mwajiri ampe nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku. Baba naye ana siku 3. Kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya mimba ni kosa, na aliyefukuzwa anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikawie, maana muda ni siku 30 tu.

Aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015. Huko anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona mshahara wako umekatwa kwa jina la WCF, uliza.

Na yale mafao ya hiari? Wapo waajiri wanaolipia bima ya afya ya familia nzima, wanaotoa chakula cha mchana, usafiri, mkopo wa ada za shule, au kusaidia msiba. Tushukuru kwa hayo, lakini tuulize kama yameandikwa kwenye mkataba. Lililosemwa kwa mdomo linaweza kuondoka na meneja aliyelisema. Tena lisipokee nafasi ya haki. Mwajiri anayegawa mchele na mafuta Krismasi, huku hapeleki michango, anakupa kidogo kwa mkono mmoja na kukunyima kingi kwa mwingine.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutunze karatasi zote: mkataba, barua ya kuajiriwa, na karatasi za mshahara za kila mwezi. Pili, angalau mara mbili kwa mwaka tuombe taarifa ya michango NSSF, tusingoje siku ya kuacha kazi. Tatu, tuhakikishe majina ya wategemezi na warithi ni sahihi. Nne, mwenye mimba amwandikie mwajiri mapema, angalau miezi 3 kabla ya siku ya kujifungua, na kuambatanisha cheti cha daktari. Tano, sisi wakulima wa kabichi na viazi tusijione tumeachwa nje. Aliyejiajiri anaweza kujiandikisha NSSF kwa hiari. Kuuliza si ujinga.

Turudi sasa kwa bibi na swali lake. Sheria ile ya mwaka 2004 haikumbagua mfanyakazi wa nyumbani, na amri za kima cha chini cha mshahara zimemtaja. Siku 84 ni zake pia, akishatimiza miezi 6 ya kazi. Na moja ya masharti ya fao la uzazi la NSSF ni kuwa umechangia miezi 36. Binti yule alikaa miaka 3. Hesabu ni hiyo hiyo, wasomaji wapenzi. Kama angechangiwa tangu mwanzo, sharti hilo lingekuwa limetimia.

Tunasema, "Lakini anakula na kulala kwetu, ni kama mwanangu." Je, mwanao akipata mimba unampa nauli na kitenge? Waraka wa Yakobo sura ya 5 unazungumza juu ya ujira wa watenda kazi uliozuiliwa. Tulizoea kuusoma tukiwafikiria matajiri wa mbali.

Mwenzetu aliyekuwa na binti yule alisimama mwenyewe. Wiki iliyofuata alipanda hadi kijijini kwao, tukamsindikiza wawili. Mtoto alikuwa na miezi 5. Walikaa na wazazi, wakapiga hesabu ya mishahara ya siku zile 84, naye atailipa kwa awamu 3, kila akiuza karoti. Awamu ya kwanza imelipwa. Mama wa binti aliipokea bila kutabasamu, nasi tulielewa.

Mwenzetu wa miaka 9 naye amepeleka karatasi zake zote NSSF, na anangoja majibu. Bahati yake alizitunza.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, mwulize anayekupikia: umeingia hapa lini, na tuliandikiana nini? Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde nyumba zenu na wote wanaofanya kazi ndani yake.