Mume Amerudi Kupumzika: Na Mke Je?

Ndugu msomaji, ikiwa unakaa Dar es Salaam au Kibaha, maji unayotawadhia alfajiri kwa sehemu kubwa ni ya mto Ruvu, na mto huo unapata maji yake katika milima ya Uluguru. Basi usiseme kuwa habari za milima hiyo hazikuhusu. Na ni nani anayelima kwenye miteremko ile, ambako trekta haliwezi kupanda? Aghalabu ni mwanamke mwenye jembe la mkono, na mtoto mgongoni. Mumewe yuko kwenu huku pwani: anabeba mizigo Kariakoo, au analinda nyumba ya mtu usiku kucha.

Leo nataka kumsema mume huyo siku anaporudi kwake.

Anashuka Msamvu, anapanda gari la Matombo au Kinole, anafika usiku bila ya taarifa, na kilo mbili za sukari na doti moja ya kanga. Tangu hapo yeye ni mgeni wa heshima. Maji ya kuoga yatiwe moto. Kuku achinjwe. Watoto wasipige kelele, baba amelala. Siku ya tatu bado amelala. Ya nne yuko barazani anacheza bao. Mkewe huondoka alfajiri kwenda shamba, kama alivyokuwa akiondoka miezi minane yote, akarudi na kuni kichwani, na sasa ana mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Ukimwuliza bwana atakujibu: "Nimechoka, nimekuja kupumzika, ni haki yangu."

Ni kweli, ni haki yake, wala sitaki kumdhulumu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Lakini hakuishia hapo. Katika maneno hayo hayo alimtajia na haki ya mke. Bwana wetu ameishika haki ya kwanza kwa mikono miwili, na ya pili ameisahau Msamvu. Kadhalika aya ya 34 ya Sura An-Nisaa, ambayo wanaume wengi wanaujua mwanzo wake tu, kuwa wao ni wasimamizi wa wanawake. Isome mbele kidogo! Usimamizi huo umefungamanishwa na mali wanayoitoa. Je, doti moja kwa miezi minane ndiyo mali yenyewe?

Wala tusidanganyane juu ya kazi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, wameandika kuwa kupika, kufua na kufagia si wajibu uliomo katika mkataba wa ndoa. Mke akifanya ni ihsani yake. Ikiwa sufuria si wajibu, sembuse jembe la mlimani?

Uluguru aibu inazidi. Kule nasaba hufuata ukoo wa mama na ardhi kwa asili ni ya ukoo, hivyo mara nyingi shamba ni la watu wa mke. (Mirathi ni mlango mwingine, siufungui leo.) Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka dhidi ya serikali ya Mwingereza kwa kuwa walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Walikataa kutumikishwa. Ajabu ni kuwa wajukuu wao hawalioni jambo hilo hilo likiwa ndani ya nyumba zao.

Namna ya kurudi nyumbani tumefundishwa. Mtume (s.a.w.) aliihesabu safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwani humzuilia mtu chakula chake na usingizi wake, akamtaka msafiri aliyemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Akamkataza aliyekuwa mbali muda mrefu kuwaingilia usiku kwa ghafla. Yeye mwenyewe akirudi alianzia msikitini, akasali rakaa mbili. Na nyumbani je? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa, akaeleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala. Naye alikuwa amebeba umma mzima!

Sayyidna Umar (r.a.) inapokewa kuwa alimwuliza binti yake, Bibi Hafsa, ni muda gani mwanamke huweza kustahimili bila ya mumewe, kisha akawawekea mpaka askari wake: miezi minne, na katika riwaya nyingine sita. Hao ni watu wa jihadi. Sisi tuna treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inafika Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili. Udhuru wa umbali umekufa. Umebaki udhuru wa nauli, nao nauheshimu kwa asiyenacho, si kwa mwenye pesa ya kahawa na mpira kila jioni.

Nawe msomaji, mwenye nyumba ya Upanga au Magomeni, uliyemweka mtu wa Uluguru langoni pako, usikae ukitikisa kichwa kwa ajili yake. Hesabu ni miezi mingapi hujampa ruhusa ya kwenda kwao. Huenda analala siku nne mfululizo huko mlimani kwa sababu kwako hajapata hata usiku mmoja wa kulala.