Kazi Isiyosimama na Mtu Aifanyaye



Ziko kazi ambazo zikisimama siku moja tu, mji wote huona. Maji yasipotoka bombani, taka zisipozolewa, feri isipovuka, treni ya mizigo isipofika, hapo hata bwana mkubwa ofisini hutambua ya kuwa palikuwa na mtu akiifanya kazi ile. Siku nyingine zote mtu huyo haonekani. Twaandika habari hii sasa, wakati hakuna tauni mlangoni, maana paa hutengenezwa kabla ya masika.

Sisi watu wa reli twajua ya kwamba ugonjwa nao ni abiria. Mwaka 1918 homa kali iliingia Mombasa kwa njia ya bahari, kisha ikapanda bara pamoja na wasafiri wa reli. Miaka 102 baadaye ikaja Korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi ule ule, watu wakakatazwa kutembea tangu saa moja usiku hata saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi na pwani zikafungwa. Treni za abiria za Mombasa na Nairobi zikasimama hata Julai, lakini treni za mizigo ziliendelea. Basi yafaa kila mtu aelewe maana ya neno hilo "ziliendelea". Treni haijiendeshi. Yuko dereva, yuko msaidizi wake, yuko mtu wa ishara, yuko fundi wa shedi, wako watu wa gengi waangaliao njia. Wakati wengine waliambiwa wakae nyumbani wapate usalama, hawa waliambiwa watoke.

Hatulalamiki kwa kuambiwa tutoke. Nchi haiwezi kula bila mizigo. Twauliza jambo moja tu: yule asemaye kazi hii haiwezi kusimama, amefanya nini ili mtu aifanyaye asianguke?

Tutazame yaliyotokea. Siku ya kwanza ya amri ile ya usiku, watu wengi walijazana kivukoni Likoni, wakitafuta kuvuka kabla ya saa moja. Polisi wakawapiga na kuwatupia moshi wa machozi. Wengi wa watu wale walikuwa wakitoka kazini. Amri ilikuwa ya kuwatenga watu wasiambukizane, nayo ikawakusanya mahali pamoja. Kama Serikali, waajiri na watu wa feri wangaliketi pamoja kupanga saa za kuwaachia wafanya kazi, zamu kwa zamu, msongamano ule ungalipungua sana.

Tena mwezi wa Mei 2020, malori yalipanga mstari mrefu wa kilomita nyingi kabla ya mpaka wa Malaba, madereva wakingoja kupimwa na kupata majibu. Walilala garini siku kadha wa kadha, maji na vyoo vikiwa haba. Mizigo haikuzuiwa na ugonjwa. Ilizuiwa na uchache wa vipimo, na nchi jirani kutopatana mapema juu ya cheti cha dereva.

Jambo la tatu ni hospitali. Desemba 2020 wauguzi na matabibu waligoma, na madaktari wakafuata. Walidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Fikirini, ndugu zetu: mtu amtibuye mgonjwa alilazimika kugoma ili apewe kinga ya kumtibu mgonjwa! Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 imeandika kazi ambazo ni za lazima kwa maisha ya watu, kama maji, hospitali, zimamoto na feri, nayo huzuia migomo humo. Kwa hiyo neno "muhimu" lajulikana vizuri sana siku ya kumkataza mfanya kazi kugoma. Lakini siku ya kugawa glavu na barakoa, neno hilo husahauliwa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo ufa ulipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mgonjwa, baada ya kutumika miezi miwili, siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka. Hicho ndicho kipimo cha chini. Mwaka 2020 mtu aliyekutana na mgonjwa alitakiwa kujitenga siku 14. Basi hesabu ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Mtu akijitenga mara moja, nusu ya siku zake hulipwa nusu. Akijitenga mara ya pili katika mwaka ule ule, hana kitu. Na kibarua aitwaye kwa siku hana hata hicho cha kwanza. Mtu huyu akikohoa asubuhi atasema nini kwa msimamizi wake? Atasema ni vumbi. Ataingia katika chumba cha kubadilishia nguo pamoja na wenzake, na baada ya wiki moja gengi zima liko kitandani. Hapo tajiri ameokoa mshahara wa wiki moja, amepoteza kazi ya mwezi.

Waajiri hutujibu kwamba fedha hazitoshi. Twakubali kwamba kila kitu kina gharama. Lakini dereva wa treni hafundishwi kwa wiki moja, wala mtu wa mitambo ya maji hapatikani sokoni. Akianguka, hakuna wa kushika mahali pake. Aliye ghali kupatikana ni rahisi kulindwa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, kila mwajiri na kila Serikali ya Kaunti aandike leo kazi zisizoweza kusimama, na kwa kila kazi afundishe mtu wa pili na wa tatu. Pili, zamu zigawanywe wakati wa hatari, kundi moja lisikutane na lingine, ili moja likiugua jingine lisimame. Tatu, anayejitenga kwa amri ya daktari alipwe siku zote, kibarua naye. Nne, pakiwa na amri ya usiku, usafiri na cheti cha njiani vitayarishwe na aliyempanga mtu zamu, wala asiachwe agombane na polisi peke yake.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Tena yasema mtu akitoa habari ya hatari kubwa, asilazimishwe kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Haki hii haina maana ikilala katika kitabu. Kila tawi na liulize mwezi huu: kamati yetu iko wapi? Ilikutana lini? Nani ametuwakilisha? Kama haipo, idaiwe kwa barua, na nakala ije kwa Chama.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tauni nyingine ikija haitatuma barua mbele, nasi tutaitwa tena kutoka nyumbani wakati wengine wanafunga milango. Tutatoka, kama tulivyotoka. Lakini safari hii tutoke tukiwa tumelindwa.