Ulionywa kwa Kiswahili na Bado Ukaruka

Wacha niseme mapema ndiyo wenye kutukana waanze kupanga foleni: kama ulitazama muvi ya kutisha kupitia ile video ya dakika kumi inayoisimulia, hukuitazama. Umesikia udaku wake tu. Na mtu aliyesikia udaku wa harusi hawezi kuja kutuambia pilau ilikosa chumvi.

Nimechoka, wasee. Wiki tatu sasa nimekuwa nikitazama muvi za kutisha, za zamani na za juzi, na kila nikitaja moja kuna msee anarusha mkono: "Ah, hiyo? Niliiona. Haitishi." Ukimuuliza aliionea wapi, anakwambia kwa simu, ndani ya mathree kutoka Githurai hadi tao, sauti ya roboti ikisema "jamaa huyu anaingia ndani ya nyumba." Jamaa huyu! Hata jina la mhusika hajui, lakini hukumu anayo tayari.

Kabla hujaniambia najifanya msomi, wacha niungame. Mimi pia nimekula huo uchafu, tena kwa sahani kubwa. Mwaka jana niliandika hapa hapa kwamba The Blair Witch Project ni muvi ya watu watatu kupotea msituni na kulia. Mlicheka, mkasambaza, nikajiona mkali. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimetazama dakika nane za mtu akinisimulia huku nikila chipo.

Juzi ndiyo nimeiona kamili. Stima ilikuwa imepotea, mvua inapiga mabati, na laptopu ya binamu yangu ilikuwa na chaji ya kutosha muvi moja. Dakika 81. Tukasema ni sawa, tucheke kidogo tulale.

Hatukucheka.

Sikiza vile hii kitu ilitengenezwa. Ni muvi ya 1999, ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Waliwapa waigizaji watatu kamera, wakawaingiza msituni kwa siku kama nane hivi, wakawa wanawaachia maelekezo kwa vikaratasi, na kila siku wanawapunguzia chakula. Zile hasira unaziona pale si za kuigiza tu, wale watu walikuwa na njaa kweli. Pesa zilizotumika kuipiga ni kidogo mno, na bado iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Na kutoka mwanzo hadi mwisho mchawi mwenyewe haonekani. Hata kidole.

Sasa kuna sehemu mwanzoni ambapo wale vijana wanahoji wenyeji wa mji. Inaonekana ni porojo tu. Mmoja anasimulia habari za mtu aliyekuwa akiua watoto wawili wawili: mmoja anaambiwa asimame kwenye kona, uso ukutani, wakati mwenzake anauawa. Story inapita, kamera inaendelea, unasahau. Halafu inafika ile dakika ya mwisho, ndani ya nyumba mbovu, na unaona mtu amesimama kwenye kona. Uso ukutani. Basi. Muvi imeisha.

Ile video yangu ya dakika nane ilikata mahojiano yote ya mwanzo kwa sababu eti hakuna kinachoendelea. Kwa hivyo mwisho nikaona msee amesimama kwenye kona, nikasema, "Kwani ni hivi tu?" Ndiyo. Kwangu ilikuwa hivi tu, kwa sababu nilikuwa nimeibiwa nusu ya muvi. Safari hii binamu yangu, jitu la futi sita linalocheza raga, aliniomba nimsindikize choo. Choo chao kiko nje.

Hapo ndipo nilielewa kitu nitakachokitetea hadi mnichoke: woga haufupishwi. Vituko vya muvi ya bunduki unaweza kunisimulia kwa dakika tano nikapata picha. Hata muvi ya mapenzi unaweza kujaribu. Ya kutisha haiwezekani, kwa sababu ndani yake kilichotokea si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni ule muda uliokaa ukingoja kitokee. Githeri haiivi kwa dakika kumi hata uweke moto wa kuyeyusha chuma.

Na hili hatukufundishwa na Marekani. Fikiria hadithi ya yule jini wa Mombasa. Ukiambiwa kwa sentensi moja, mwanamke mrembo kumbe ana kwato, unashtuka? Hushtuki. Sasa asimulie shangazi, usiku, baada ya chakula. Kwanza anakwambia barabara ilikuwa gani. Halafu manukato. Halafu vile yule dada alikuwa akitembea bila haraka na buibui imefika chini kabisa. Anakunywa chai. Anauliza kama mlango umefungwa. Akifika kwenye kwato, wewe ulishavuta miguu juu ya kiti kitambo. Hizo dakika zote ndizo hadithi yenyewe. Kwato ni risiti tu.

Sasa tuje kwa ile inayoniuma kuliko zote. Get Out, ya Jordan Peele, 2017. Kila mtu "ameiona". Kila mtu anajua siri yake kwa sababu zile video huitoboa dakika ya pili. Lakini nikuulize kitu kimoja: wimbo wa mwanzo unaimbwa kwa lugha gani?

Umenyamaza. Ni Kiswahili, buda. Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels. Ndiyo, najua mwalimu wako wa Kiswahili ana maneno kuhusu hiyo "kwa", lakini tulia. Unakuja baada tu ya kijana mweusi kutekwa usiku kwenye mtaa wa matajiri, miti inapita dirishani, na sauti za wahenga zinamwonya ndugu yao kwamba kuna hatari, akimbie. Wamarekani wengi kumbini walisikia sauti ngeni za kuogofya, wakaendelea na bisi zao. Watu waliopewa onyo wakalielewa neno kwa neno, kabla Chris hajapanda gari kwenda kwa kina msichana wake, ni sisi. Sisi! Hata Daniel Kaluuya anayeigiza Chris ni mtoto wa wazazi kutoka Uganda. Muvi ya Hollywood ilikunong'oneza siri yake kwa lugha ya shule yako, na wewe ukabonyeza kitufe cha kuruka mwanzo. Au ukatazama kifupisho ambacho hakikuwa nao kabisa.

Na hata bila wimbo, ile muvi ilikutisha na nini? Kijiko. Mama ya msichana anakoroga chai, kijiko kinasugua kikombe, polepole, mzunguko baada ya mzunguko, huku akimuuliza Chris usiku ule mamake alifariki alikuwa akifanya nini. Kifupisho kinasema: "mama huyu anamlaza kwa akili." Maneno matano. Mimi baada ya kuitazama tena nilikunywa chai bila kukoroga siku mbili. Sisi watu wa chai asubuhi, saa nne na jioni, hii ni vita kabisa.

Mwingine atasema muvi za zamani hazina damu, ndiyo maana hazitishi. Tafuta The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Jina lenyewe linanuka bucha, sivyo? Sasa hesabu damu unayoiona kwenye skrini. Ni kidogo ajabu. Kwenye ile sehemu ya ndoana ya nyama, unaonyeshwa ndoana, unaonyeshwa msichana akiinuliwa, na kamera haikuonyeshi ikiingia. Watu huapa waliona. Hawakuona. Akili zao zilimalizia kazi, na akili haiwezi kumalizia kazi kama kuna sauti ya roboti inayokueleza kila kitu.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote.

La kwanza: data ni ghali. Kweli, sibishi, mimi pia huhesabu. Lakini hebu jumlisha vifupisho unavyotazama kwa wiki. Halafu nikupe zawadi: Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ni ya bure kihalali. Jina la muvi lilibadilishwa mwishoni, na wasambazaji wakasahau kurudisha ile alama ya hakimiliki, basi ikawa mali ya umma. Iko mtandaoni, kamili, ni nyeusi na nyeupe, hata ukiitazama kwa picha ya chini haikuumizi macho.

Na utaitazama hadi mwisho, tafadhali. Ben, anayeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi aliyejifungia na Wazungu ndani ya nyumba huku maiti zinatembea nje. Yeye ndiye mwenye akili, yeye ndiye anayepigilia mbao madirishani. Yule baba mwingine kazi yake ni kubishana. Ben anapona usiku mzima. Kunapambazuka, waokoaji wanafika na bunduki, wanamwona dirishani, wanampiga risasi ya kichwa wakidhani ni maiti. Halafu zinakuja picha za mnato, kama za gazeti, wakimbeba kwa ndoana kwenda kumchoma. Muvi ilitoka Oktoba ya mwaka ule ule ambao Martin Luther King aliuawa Aprili. Kifupisho kinasema: "mwishowe jamaa huyu anakufa." Hapana. Jamaa huyu amekuchukua saa moja na nusu kumpenda, ndiyo maana inakukaa kooni. Mtu aliyemjua kwa dakika nane hana cha kumlilia.

La pili: sina wakati, maisha ni kuhangaika. Sawa. Basi usitazame. Hakuna aliyekulazimisha. Hakuna aibu kusema "hiyo sijaiona." Tena kama mamako amekukataza kwa sababu za imani, hilo ni lenu nyumbani na ninaliheshimu. Ninachokataa ni hukumu ya mtu ambaye hakuhudhuria kesi.

La tatu ndilo lina uzito: kwamba nadharau watu wa mtaa, na sisi wote tulikulia kwa kibanda cha muvi, DJ akiongea juu ya sauti, watu wakicheka zombi akipewa jina la chifu. Hapo tuko pamoja kabisa! Lakini kumbuka vizuri. Kibandani muvi ilichezwa yote. Mlikaa kwenye benchi, giza, joto la miili, DJ akiwapigia hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu akichungulia simu alizomewa. Ile si kifupisho. Ile ni nyongeza. Kule New York, The Rocky Horror Picture Show ya 1975 ilianguka vibaya ilipotoka, halafu kuanzia 1976 watu wakaanza kuijalia usiku wa manane, wakiijibu skrini kwa makelele na kurusha mchele, na leo ndiyo mfano wa kwanza ukitaja muvi yenye wafuasi sugu. Wao walipewa sifa. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwa bob ishirini na hakuna aliyetuandikia kitabu. Kibanda ni utamaduni wa kutazama pamoja. Video ya dakika kumi ni kutazama peke yako, haraka, ili uweze kusema umeona.

Sababu ya mimi kupandisha sauti ni hii. Hapa kwetu kuna watu wanaojaribu kutengeneza muvi za aina hii. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016: dada anaitwa Kaleche anaamka nyikani, hakumbuki kitu, anaona hoteli kwa mbali, anafika, anaambiwa kwa upole kabisa kwamba amekufa. Hakuna jini anayeruka kutoka kabatini. Kuna watu wamekaa, wanacheka, wanaogelea, na kila mmoja ana kitu alichofanya ambacho hataki kukitazama usoni. Ilishinda tuzo ya wakosoaji kule Toronto. Ni dakika 75 tu. Wangapi kati yenu mmeitazama? Na nikiwauliza mchana wa leo, wangapi watasema "ni polepole"?

Tukijizoesha kwamba kila kitu cha polepole ni kibovu, hao watu wataacha. Si kwa kukosa story. Nchi hii ina story za kutisha za kutosha, nyingine hata hazihitaji majini. Wataacha kwa sababu hakuna macho ya kuzitazama, na tutabaki tukifupishiwa woga wa wenzetu na sauti ya roboti.

Basi Ijumaa hii. Chagua moja kati ya nilizotaja. Simu iache chumba kingine, au kama ndiyo skrini yako, zima data ukishapakua. Zima taa. Weka spika za masikio. Usiruke mwanzo, na usikate majina ya mwisho yakianza kupanda. Alika mtu kama unaweza.

Ukirudi Jumamosi useme haikukutisha, sawa. Hapo tutabishana kama watu wawili waliotazama muvi moja, na labda utanishinda. Binamu yangu naye amesema hatazami nyingine hadi choo kihamishwe ndani.