Ubeti si Dalili

Imekuwa ada katika mabaraza yetu: mtu akitakwa dalili ya jambo la itikadi, hujibu kwa ubeti wa utenzi. Nami, mpenzi wa tendi tangu utotoni, nasema waziwazi: ubeti si dalili.

Itikadi ni fundo la moyo. Halifungwi kwa ngano. Suratun Nisaa, aya ya 136, imetaja kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake na Siku ya Mwisho. Kadari nayo, ijapokuwa Kurani imeitaja kwingineko, imehesabiwa pamoja na hizo, ikatimia nguzo ya sita, katika Hadithi ya Jibrili iliyopokewa na Muslim kwa Sayyidna Umar. Basi mapokeo yana nafasi yake. Lakini ni mapokeo yenye sanadi, si kila tulichorithi kwa mababu.

Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli wasimulia vita visivyo na asili katika sira zinazotegemewa. Je, tuuchome? Hasha! Wanaotaka kuuzima wamekosea kosa lile lile la wanaoutolea hoja: wote wameudhania kitabu cha itikadi. Utenzi huamsha mapenzi ya Mtume, hauthibitishi nguzo.

Tuusome usiku kucha, tulie nao, tuwarithishe wana wetu. Kukipambazuka, atakayeuliza la kuamini tumfungulie Msahafu na Hadithi sahihi. Asiyetenganisha viwili hivi ameudhulumu utenzi, na dini ameidhulumu zaidi.